Agizo halijafika mpaka lirudi: jinsi ya kuwasiliana kazini ili kazi iende

Neno "sawa" ni moja, lakini kazini lina maana nne: nimesikia, nimeelewa, nimekubali, nitafanya. Anayetoa agizo huisikia ya nne. Anayejibu, mara nyingi akiwa ameinamia shughuli nyingine, alikusudia ya kwanza tu. Siku tatu baadaye kazi haijafanyika, kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye mkosaji, na wote wawili wanasema kweli.

Pengo hilo limewahi kuua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ukungu ukiwa mzito, ndege ya shirika la Uholanzi la KLM iliupelekea mnara wa kuongozea ndege maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba iko tayari kuruka, au kwamba imeshaanza kuruka. Mwongoza ndege alijibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Sekunde hizohizo marubani wa ndege nyingine, ya shirika la Marekani la Pan Am, waliokuwa bado kwenye njia ileile ya kurukia, nao walizungumza redioni. Sauti mbili zikagongana na onyo halikusikika sawasawa. Ndege hizo mbili ziligongana na watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kuruka hutamkwa redioni pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na rubani haruhusiwi kuitikia agizo la msingi kwa "sawa" peke yake. Analirudia.

Kanuni hiyo ya marubani ndiyo uti wa mwongozo huu. Ujumbe umefika pale aliyeupokea anaporudisha kwa maneno yake alichoelewa na atakachofanya. Kubonyeza kitufe cha kutuma ni nusu ya safari.

Kwanza pima panapovuja

Usianze na semina. Chukua daftari moja au jedwali moja la kompyuta ambalo wote katika kitengo wanaweza kuliandika, na kwa siku 10 za kazi jaza safu tatu tu:

1. Kazi iliyofanywa upya kwa sababu mtu alielewa vingine (andika dakika zilizopotea).
2. Muda mtu aliokaa akisubiri jibu ili aendelee.
3. Swali lililoulizwa zaidi ya mara moja.

Usiweke safu ya majina. Ukiweka majina, kufikia siku ya tatu daftari litakuwa safi kama sahani mpya na hutajifunza chochote. Mwisho wa siku 10 jumlisha dakika. Hesabu yake ni rahisi lakini inauma: mtu akisubiri jibu kwa dakika 20 mara tatu kwa siku, amepoteza saa nzima, kitengo cha watu wanane kikiwa hivyo kimepoteza saa nane, yaani siku nzima ya mfanyakazi mmoja, kila siku. Mkuu anayedai hana fedha ya kuajiri mtu wa tisa anaweza kuwa tayari anamlipa.

Hapo pia utaelewa kwa nini mambo yalikwenda vizuri kitengo kilipokuwa kidogo. Idadi ya njia za mazungumzo kati ya watu hupatikana kwa kuzidisha idadi yao kwa idadi hiyo pungufu moja, kisha kugawa kwa mbili. Watu 4 wana njia 6. Watu 8 wana njia 28. Watu 12 wana njia 66. Ukiongeza watu mara tatu, njia za kupotezea ujumbe zinaongezeka mara kumi na moja. Kuelezana mambo mlangoni, kulikotosha jana, kunashindwa bila mtu yeyote kuwa mzembe.

Agizo lenye viungo vitano

Tazama sentensi hii, ambayo kila ofisi inaifahamu: "Tafadhali ile ripoti ishughulikiwe mapema."

Ina adabu, na haina kitu. "Ishughulikiwe" na nani? Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo laini mno. Inaruhusu kutoa amri bila kumgusa mtu, ndiyo maana wakubwa wanaipenda na ndiyo maana kazi haifanyiki. "Ile" ni ipi? "Mapema" ya mtumaji ni leo jioni. Ya mpokeaji ni wiki hii. Ndugu yake kauli hiyo ni kiambishi "tu-": tukumbuke, tuhakikishe, tufuatilie. Kila anayesoma "tufuatilie" kwenye kundi la watu 15 anawaona wenzake 14 wakifuatilia.

Agizo linalofanyika lina viungo vitano: nani, nini, kwa nini, lini, na mpaka. Kwa mfano:

"Bi. Asha, naomba uandae ripoti ya mauzo ya Juni, kurasa zisizozidi 3, yenye jedwali moja linaloonyesha kila tawi. Itatumika kwenye kikao cha bajeti Alhamisi tarehe 10 Julai. Niipate Jumatano tarehe 9 Julai kabla ya saa 10 jioni (16:00). Kama takwimu za tawi lolote hazijafika kufikia Jumanne mchana, nijulishe, usikadirie."

Kiungo cha "kwa nini" ndicho watu hukiruka wakidhani ni porojo. Bila hicho mpokeaji hawezi kuamua jambo dogo peke yake. Akijua ripoti inakwenda kwenye kikao cha bajeti, atazungusha tarakimu na kuweka jumla juu. Asipojua, atakuletea senti zote na jumla ukurasa wa mwisho. Kiungo cha "mpaka" kinaeleza ni wapi arudi kwako kabla ya kuendelea. Hiki huzuia makosa ya pande mbili: mtu anayeuliza kila kitu, na mtu asiyeuliza chochote.

"Nini" ielezwe kama kitu kinachoweza kushikwa au kuonekana kikiwa tayari. "Boresha huduma kwa wateja" haina mwisho. "Kila barua ya malalamiko iwe imejibiwa ndani ya siku 2 za kazi" ina mwisho, na yeyote anaweza kuikagua.

Saa na tarehe zinastahili aya yake. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri na jioni, lakini saa iliyo kwenye simu na kompyuta inaanza usiku wa manane. Ukiandika "tukutane saa 4" kwa timu yenye watu wanaofikiri kwa mitindo yote miwili, wengine watafika asubuhi na wengine jioni. Andika zote mbili: saa 4 asubuhi (10:00). Andika mwezi kwa jina, maana 3/4 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. "Wiki ijayo" ikisemwa Jumamosi au Jumapili ina maana mbili. "Mwisho wa mwezi" ni tarehe 30 kwako na siku ya mwisho ya kazi kwa mhasibu.

Vipimo pia viandikwe na jina lake kila mara. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mars kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na upande mwingine ukazisoma kama newtoni. Hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Kinachoangusha ni namba tupu inayosafiri kutoka kitengo kimoja hadi kingine bila kipimo chake. Hospitalini kuna desturi nyingine ya kuiga: andika 0.5, usiandike .5, na andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu nukta ndogo ikififia dozi inaongezeka mara kumi. Ni hivyohivyo kwenye oda ya stoo.

Kurudishiwa agizo bila kumdhalilisha mtu

"Umeelewa?" ni swali lenye jibu moja. Aliyeelewa atasema ndiyo, asiyeelewa naye atasema ndiyo, na asiyesikia atatikisa kichwa. Usiliulize.

Tatizo ni kwamba msemaji hawezi kujua kwa hisia kama ameeleweka. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na kila mtu wazigonge mezani kwa vidole, wenzao wakisikiliza na kubahatisha. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani mwake. Msikilizaji anasikia meza. Kadiri unavyoijua kazi yako, ndivyo unavyozidi kugonga meza.

Kwa hiyo beba lawama wewe, kisha uliza kuhusu kitendo. Maneno yanayofaa:

"Nimeeleza haraka haraka. Hebu nione kama nimejieleza: utaanza na lipi?"

"Ukifika huko ukakuta mzigo haujatimia, utafanyaje?"

Swali la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwa sababu mtu anaweza kukariri agizo lakini hawezi kukariri jibu la hali ambayo hukuitaja. Akijibu sivyo, sema "nilieleza vibaya" na urudie sehemu hiyo tu. Ukisema "hukusikiliza", umenunua "ndiyo" za uongo kwa miezi sita ijayo.

Aliye chini naye asisubiri kuulizwa. Kwa mkubwa, tamko hili halivunji heshima: "Mzee, naomba nirudie ili nisikosee: katoni 40, za lita 5, zifike kabla ya Ijumaa mchana." Mambo matatu yanatosha: kitendo, kiasi, muda. Haizidi nusu dakika.

Je, kila agizo lirudiwe? Hapana, utawachosha watu wakuone kituko. Rudisha lile lenye namba, jina au tarehe, lile ambalo kosa lake litagharimu zaidi ya saa moja kulirekebisha, na lolote linalohusu usalama. "Niletee kalamu" haihitaji itifaki.

Makabidhiano

Kazi hudondoka zaidi pale inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine: zamu ya asubuhi na ya usiku, anayekwenda likizo na anayemshikia nafasi, mauzo na usafirishaji. Hapa panahitaji umbo lisilobadilika, ili hata mtu aliyechoka asiruke kitu.

Umbo moja linalotumika sana lilianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani na likaingia hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lina sehemu nne: hali, usuli, tathmini, ombi. Mfano wa kiwandani:

"Hali: pampu namba 2 imezimwa tangu saa 8 mchana (14:00). Usuli: ilikuwa inavuja, fundi akabadilisha sili Jumatatu, leo imevuja tena. Tathmini: nadhani shafti imepinda, maana sili ni mpya, sijaifungua kuthibitisha. Ombi: usiiwashe. Fundi anakuja saa 2 asubuhi (8:00), mwonyeshe alama niliyoweka kwa chaki. Mpaka hapo tumia pampu namba 1 peke yake na uangalie kina cha tangi kila saa."

Angalia sehemu ya tathmini. Inatenganisha alichokiona na anachodhani, na inakiri kisichothibitishwa. Wengi huchanganya: wanaandika "shafti imepinda", zamu inayofuata inaagiza shafti, na siku mbili baadaye inagundulika ilikuwa bolti zilizolegea. Kosa la pili la kawaida ni kuacha ombi. Watu wengi, hasa wapole, hueleza tatizo kwa ufasaha kisha wananyamaza wakitumaini msikilizaji atakisia wanachotaka. Sema unachotaka.

Makabidhiano yawe ya maandishi na ya mdomo pamoja, na anayepokea ndiye anayefunga kwa kueleza kwa kifupi alichopokea. Hospitali tisa za watoto zilizofundisha madaktari wake mpango wa aina hii zilipunguza makosa ya tiba kwa asilimia 23, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Sehemu ya mpango huo ilikuwa muhtasari huo wa mpokeaji.

Na dakika hizo zilindwe. Tangu mwaka 1981 marubani wa mashirika ya ndege ya Marekani wamekatazwa mazungumzo yasiyohusu kazi chini ya futi 10,000, kwa kuwa hapo ndipo hatari ilipo. Dakika kumi za kubadilishana zamu ndizo futi 10,000 zako: simu isipokelewe, soga isubiri, na mwenye swali jingine angoje pembeni.

Njia ipi kwa jambo lipi

Hapa hapahitaji maneno mengi. Jambo la dharura lipigiwe simu. Namba na uamuzi viandikwe, hata kama vilizungumzwa. Baada ya simu, tuma mstari mmoja: "Kama tulivyokubaliana, bei ni hii na mzigo unatoka Jumatatu." Jambo linaloweza kumuumiza mtu lisemwe ana kwa ana, na lisiandikwe kwanza.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mzigo unaomtwika mwenzako: hawezi kuutafuta wiki ijayo, hawezi kuusoma akiwa kikaoni, na ile namba muhimu imejificha dakika ya tatu. Kama ni lazima, usizidi nusu dakika na uandike chini yake kiini cha jambo.

Salamu na jambo viende pamoja. "Habari yako?" ikitumwa peke yake kisha mtumaji akasubiri, mpokeaji anaiona baada ya saa moja, anajibu "nzuri", mtumaji ameshaondoka. Nusu siku imekwenda kwa swali la dakika moja. Heshima haipungui ukiandika: "Habari za asubuhi. Naomba namba ya hati ya mzigo wa jana, dereva anasubiri getini."

Kubalianeni pia muda wa kujibu, muuandike na kuubandika. Mfano unaofaa timu nyingi: simu hapohapo, ujumbe mfupi ndani ya saa 2 za kazi, barua pepe kabla ya kazi kuisha siku inayofuata. Kabla hamjakubaliana, mwenye haraka ataingilia kila mtu kwa kila njia, kwa kuwa hajui ni lini atajibiwa. Na kama jibu kamili linahitaji muda, jibu fupi linatosha kumtoa mtu gizani: "Nimepata. Nitakujibu kesho kabla ya saa 6 mchana (12:00)."

Vikao

Kikao cha watu 10 kwa saa 1 kinagharimu saa 10 za kazi. Andika kwanza sentensi moja: "Kikao hiki kikiisha tutakuwa tumeamua…" Ukishindwa kuimalizia, tuma waraka na uwaache watu wafanye kazi.

Ajenda ziandikwe kama maswali. "Usafirishaji" ni mada; mtu anaweza kuizungumzia hadi jua lizame. "Je, tukodi gari la pili kuanzia Agosti?" ni swali, na likijibiwa watu wanaondoka. Ajenda ya "mengineyo" iondoeni kabisa: hapo ndipo vikao huanza upya vikiwa vinakaribia kuisha. Mwenye jingine alilete siku moja kabla.

Mdogo azungumze kwanza na mkuu awe wa mwisho. Mkuu akishasema "mimi naona…", kinachofuata ni kuitikia. Kumbukumbu za kikao ziwe na safu tatu tu, yaani uamuzi, mhusika mmoja, tarehe, na zitumwe ndani ya saa 24. Mhusika ni mtu mmoja. "Idara ya fedha" si mtu.

Habari mbaya

Huu ndio mtihani wenyewe. Timu inaweza kuwa na maagizo mazuri na vikao vifupi, na bado ikaanguka kwa sababu aliyeona ufa alinyamaza.

Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alipochunguza wodi za hospitali katika miaka ya 1990 alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu zenye uongozi na mahusiano mazuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba zilikuwa tayari kuyasema. Kwa hiyo mkuu anayejisifu kwamba kwake hakuna matatizo anaweza kuwa anasifia ukimya.

Kwa anayeleta habari mbaya: ilete mara tu unapoona uwezekano wa kuchelewa au kuharibika umefika nusu kwa nusu. Ukisubiri uhakika, muda wa kuokoa utakuwa umeisha. Sema kwa mpangilio huu: kilichotokea, athari yake, njia mbili za kutokea, na unachohitaji. "Mashine ya kukata imekufa. Oda ya Ijumaa itachelewa siku 2. Tunaweza kukata nje kwa gharama ya ziada au kumwomba mteja achukue nusu Ijumaa na nusu Jumatatu. Naomba uamuzi kabla ya saa 9 alasiri (15:00), baada ya hapo njia ya kwanza inafungwa." Usianze na historia ya mashine. Anayesikia akiwa bado hajui kuna nini, anasikiliza kwa hofu na hashiki neno.

Kwa anayepokea: sekunde 30 za kwanza ndizo zinazoamua kama utaletewa habari nyingine. Sema, "Asante kwa kuniambia mapema. Tuna muda gani?" Swali la "nani kafanya?" lisubiri mpaka moto uzimwe. Uso nao unasema. Ukikunja ndita huku ukishukuru, kitakachosambaa korido nzima ni ndita.

Kuna hali ambapo mdogo ameshasema na mkubwa hakusikia. Wafundishe wote ngazi tatu za maneno, ili mtu akizitumia kila mmoja ajue uzito wake: "Nina wasiwasi na jambo hili." Ikipuuzwa: "Sijaridhika, naomba tusimame kidogo." Ikipuuzwa tena: "Hili ni suala la usalama, tusiendelee." Neno la tatu likitamkwa, kazi inasimama hata kama msemaji ameajiriwa jana, na anayeisimamisha kwa nia njema haadhibiwi hata akikosea. Mkimwadhibu mmoja, ngazi zote tatu zimekufa siku hiyo. Kufahamiana pia kunalegeza ulimi: orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Ni rahisi zaidi kumzuia mtu ambaye tayari umeshamsikia na kusikiwa naye.

Kumwambia mtu kuhusu kazi yake

Mrejesho hauboreshi kazi kila mara. Watafiti Kluger na DeNisi walipokusanya tafiti nyingi mwaka 1996 walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji. Uliodhuru zaidi ni ule ulioelekeza macho ya mtu kwenye nafsi yake badala ya kazi iliyo mbele yake.

"Wewe ni mzembe" inagusa nafsi. Mtu ataitetea, na ana haki. "Taarifa tatu za wiki hii zilifika baada ya saa 6 mchana, na dereva aliondoka bila orodha" inagusa kazi. Taja tukio, kitendo na matokeo, kisha uliza: "Ni nini kinachokwamisha?" na unyamaze. Ukimya wa sekunde kumi unatisha, lakini jibu la kweli hukaa mwishoni mwake.

Sema ndani ya siku mbili, faraghani, jambo moja kwa wakati mmoja. Ile mbinu ya kufunika lawama kati ya sifa mbili iacheni: mtu makini ataanza kuogopa kila akisifiwa, na mtu mwenye furaha ataondoka na sifa mbili tu. Sifa nayo itolewe peke yake, ikiwa na kitendo chake. "Hongera, kazi nzuri" haifundishi kitu. "Uliporudia namba ya mzigo kwenye simu uligundua kosa kabla gari halijatoka" inamwambia arudie nini kesho.

Pima tena baada ya wiki sita

Usianzishe yote kwa mpigo. Anza na kurudisha agizo kwa wiki mbili, ongeza umbo la makabidhiano kwa wiki mbili, kisha vikao. Halafu rudisha daftari la safu tatu kwa siku 10 nyingine na ulinganishe dakika.

Kama kazi za kurudiwa zimepungua lakini muda wa kusubiri uko palepale, tatizo limebaki kwenye mipaka: watu hawajui wanaruhusiwa kuamua nini peke yao, kwa hiyo wanakusubiri wewe. Kama kusubiri kumepungua lakini maswali yaleyale yanarudi, majibu yanatolewa mdomoni na hayaandikwi mahali panapofikika. Kama kazi za kurudiwa zimeganda kati ya vitengo viwili tu, wakalisheni wahusika wa pande zote mbili na wasomeane oda moja halisi kwa sauti, neno kwa neno. Neno linalowatenganisha litajitokeza kabla hawajafika mwisho wa ukurasa. Na kama safu zote tatu zimekuwa tupu ghafla, usishangilie bado. Mwulize mtu mmoja faraghani kama daftari linajazwa kweli.